Kamba ya Mgomba ya Dativa

Harufu ya kamba ya mgomba iliyolowa hainipiti hivi hivi. Wakulima wa Gitambi na Rwimbogo wanapoingia sokoni kwetu Kamembe, Rwanda, mpakani na Kongo, asubuhi ya mvua, mboga zao zimefungwa kwa kamba hizo zinazochuruzika maji, harufu ile ya uchachu na ubichi inapanda hadi barazani ninaposhonea, na mguu wangu unaacha kukanyaga cherehani wenyewe. Wateja wananijua. Wanasema, "Zuhura amekwenda tena," wananisubiri nirudi. Nami huwa nimekwenda kweli. Nimekwenda kwenye darasa moja lenye madirisha ya plastiki, mwaka ambao vita vya kwanza vya Kongo vilikuwa vimekwisha na vya pili vinaanza, nikiwa mtoto wa madarasa ya chini, ukuta mzima mbele yangu umetundikwa kamba za mgomba, kila moja na jina la mtoto. Kuna watu utoto wao unanukia maandazi na udi. Wangu nao una udi kidogo, maana kwetu ni Waislamu na mama alikuwa hapendi nyumba inuke samaki, lakini juu ya yote unanukia kamba ile.

Shule yenyewe ilikuwa na kuta na bati, basi. Madawati mengine yalikuwa yamegeuzwa kuni wakati wa vita, na hakuna aliyeuliza na nani, kwa kuwa miaka ile maswali ya namna hiyo yalimezwa kabla hayajafika mdomoni. Tulikaa juu ya matofali na mbao. Mwalimu wetu tulimwita Maman Mwalimu, mwanamke mwembamba, Mnyarwanda aliyezaliwa na kukulia Bukavu, upande wa Kongo ng'ambo ya mto Rusizi, akarudi nchini kwao akiwa mtu mzima na masanduku mawili na sauti ya kwaya. Sheria ilikuwa kufundisha kwa Kinyarwanda, lakini Kinyarwanda chake kilichechemea, watoto wa milimani wakamcheka, naye akicheka nao anakimbilia Kiswahili cha ng'ambo ya mto. Mama yake mzazi alikuwa bado Bukavu. Siku ambazo mizinga ilisikika kutoka huko, Maman Mwalimu aliacha kuandika, chaki ikabaki hewani, tukanyamaza wote hadi ngurumo ipite. Kisha aliendelea palepale neno lilipokatika, bila kusema lolote. Hata leo siwezi kueleza vizuri jinsi nilivyompenda kwa kuendelea kule.

Kwa kuwa vitabu havikuwapo, alitufundisha kupima kwa vitu vya mikononi mwetu. Kwanza alituambia tupime meza yake kwa shubiri. Kila mmoja akaja na jibu lake, na pakazuka ugomvi, jamani, huyu anamwita yule mwongo, yule amekunja ngumi. Alituacha tugombane mpaka tukachoka, ndipo akatusimamisha wawili wawili tulinganishe viganja. Tukaona wenyewe kwamba hakuna mwongo, ila mikono haikulingana. "Sasa tutafanyaje ili tusipigane?" akauliza. Mtoto mmoja akasema tutumie mkono wake yeye. Tukamzomea. Mwishowe tukakata tete moja kando ya mto, likawa tete la darasa, wala si la mtu, na kila kitu kikapimwa kwa hilo: mlango, ubao, kivuli cha bendera. Alitengeneza mizani kwa hanga ya nguo na makopo mawili ya samaki, tukapima viazi kwa mawe. Alituletea chupa za soda tujaze jeri, dumu la plastiki, kwa maji, na kabla ya kumimina kila mtoto alitakiwa kukisia kwa sauti. Papa, baba yangu, fundi cherehani aliyekuwa hapendi mambo ya kipuuzi, aliposikia habari hizo alimpelekea Maman Mwalimu utepe wa kupimia uliokwisha kufutika namba mwanzoni. Kwake yeye hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Ndipo likaja somo la urefu wetu. Maman Mwalimu alituagiza kila mmoja aje na kamba ya mgomba, kwa sababu hiyo hupatikana bure nyuma ya kila nyumba. Tukazibandua migombani zingali mbichi. Mmoja alilala chini juu ya sakafu iliyofagiwa, mwingine akanyoosha kamba kutoka kisigino hadi utosini, wa tatu akakata. Tulicheka sana siku ile. Mimi nilipimana na Dativa, rafiki yangu wa tofali moja. Dativa alikuwa ametoka Kongo kwa miguu na bibi yake, kupitia misitu ambayo yeye hakuizungumzia wala mimi sikuiuliza. Nilijua tu kwamba kabla ya safari hiyo walikuwa wengi, na kwamba waliofika ni wao wawili. Alikuwa na kichwa kikubwa, miguu ya kunguru, na kamba yake ilikuwa fupi kuliko zote ukutani. Maman Mwalimu alisema mwisho wa muhula tutazishusha, tuone kila mmoja amekua kiasi gani. Kwetu lilikuwa jambo tamu kabisa, maana hakuna mtu aliyewahi kutuambia kwamba kukua kunaonekana.

Haikupita juma, bibi yake Dativa akaja shuleni. Tulimwita Mukecuru, kama wanavyoitwa kwa heshima wanawake wazee kule kwetu. Nyumba yake ya Gitambi ilikuwa imebaki kuta, kwa hiyo walipanga chumba kimoja mtaani kwetu, naye akiwalimia watu. Alikuja kumletea mjukuu kanga ya kujifunika mvua. Akafika mlangoni, akainua macho, akaona ukuta. Nakumbuka jembe lilimponyoka begani likagonga kizingiti. Akapita katikati yetu kana kwamba hatupo, akasoma kamba zile moja moja kwa vidole, ingawa kusoma maandishi hakujua, mpaka akafika kwenye ile fupi. Hakuuliza ni ya nani.

"Munamupima mutoto wangu na kamba ya mugomba ju ya nini?" alisema, kwa kile Kiswahili alichookota kwenye kambi ya wakimbizi Kongo. "Amekufa? Hebu muniambie, Dativa amekufa?"

Maman Mwalimu alipigwa na butwaa. "Hapana, Mukecuru. Ni masomo tu, tunaonaka namna batoto banakomaa."

"Kwetu muntu mwenye kupimwa na hii ni mufu. Banamupima, banachimba kaburi, kamba banaitupa ndani pamoja naye. Kamba yenye kubakia inje inangoja mwenyewe. We mwalimu, hukufunzwa?"

Hakufunzwa. Hilo ndilo lililonichoma, hata nikiwa mtoto: alikulia mjini, kwa mabomba na lami, na huko Bukavu maiti walipimwa na seremala kwa mita ya mbao. Nasi watoto wa Kamembe hatukujua, kwa kuwa Waislamu wa kwetu hupima kaburi kwa kijiti. Wale wachache wa milimani waliojua walikuwa wadogo mno, au pengine walinyamaza kama walivyozoea kunyamaza. Mukecuru alimshika Dativa mkono, akaondoka naye kwenye mvua. Kamba hakuigusa. Kesho yake tofali letu lilikuwa na mtu mmoja, na keshokutwa vilevile. Nililia nyumbani hadi mama akanifokea, kisha akalia na yeye.

Papa ndiye aliyesema hilo haliwezi kuachwa hivyo. Alivaa kofia yake ya Ijumaa, akachukua sukari ya kupeleka, akampitia Maman Mwalimu, nami nikafuata nyuma kwa kuwa Dativa alikuwa wangu. Walikaa kwenye kigogo mbele ya kile chumba. Papa aliuliza hali, akauliza mashamba, akauliza mvua, na Maman Mwalimu akingoja. Halafu akashindwa kungoja. Alitoka kwenye kigogo, akapiga magoti chini kwenye tope. "Pardon, Maman," alisema. "Sikuyua. Kama ningeyua, ningekata mukono wangu mbele ya kukata ile kamba. Niambie namna ya kuiondoa. Niichome?"

"Kuchoma!" Mukecuru alishtuka. "Usichome. Usitupe. Kamba imekwisha kumujua."

Dativa alikuwa mlangoni akinitazama kwa macho makubwa, na mimi nilitaka kumfanyia ishara ya kuchekesha, nikashindwa. Ndipo Mukecuru akasema polepole, kana kwamba anajieleza mwenyewe, kwamba iko njia moja. Mfu harefuki. Kamba ya mfu haiongezwi. Mtoto akiipita kamba yake, kamba inajua kwamba imekosea mtu, inamwachilia. Basi ikae palepale ukutani mpaka mwisho wa muhula, na yeye mwenyewe atakuja kutazama kwa macho yake. Dativa akiwa ameipita, asome. "Asipoipita, narudi naye Gitambi, ndani ya zile kuta. Nitakaa nikimuangalia. Sina mwingine, munasikia? Sina mwingine." Hilo la mwisho alilisema kwa Kinyarwanda, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Kwa hiyo Dativa alirudi kwenye tofali letu, nasi tukaanza kumkuza. Sijui niite nini kingine. Mama alikuwa akinipa bakuli la uji wa soya na mtama la kumpelekea, na jioni sambaza, vile visamaki vya Kivu, vya kukaanga, akisahau kabisa habari ya harufu ndani ya nyumba. Mtoto wa muuza maziwa alileta chupa. Wengine walileta maparachichi, viazi vitamu, ndizi zilizobonyea mfukoni. Dativa alikula kila kitu bila kutabasamu, kama mtu aliyepewa kazi. Mimi kila mapumziko nilimsimamisha ukutani nimpime kwa shubiri, na kila mara moyo unanidunda, na kila mara naona hakuna kilichobadilika. Siku moja Maman Mwalimu alinishika sikio. "Zuhura! Mutoto si muhogo umuchimbue kila saa uone kama amekomaa. Muache." Lakini na yeye nilimwona, watoto wakishatoka, akitazama ile kamba fupi huku ameshika tama. Katika muhula huohuo mizinga iliongezeka ng'ambo, malori ya askari yakapita barabarani kwetu siku nzima na ndege zikashuka uwanjani Kamembe, mwalimu akawa hana habari za mama yake tena. Alizidi kukonda yeye wakati sisi tunamnenepesha Dativa.

Siku ya kupima ilifika, na Mukecuru alifika kabla ya kengele, amejifunga kitenge kisafi. Papa alikuja pia, utepe shingoni, akasimama nyuma karibu na mlango. Maman Mwalimu alishusha kamba zetu moja baada ya nyingine. Kila mtoto alikuwa amepita ya kwake, wengine kwa kidole, wengine kwa zaidi, lakini hakuna aliyeshangilia, maana wote tulikuwa tunangoja moja. Ya Dativa alipoishusha, Mukecuru alinyoosha mkono akaichukua. Akaivuta, akaipindapinda, akatikisa kichwa. Alisema kamba kavu inajikunja, na kamba iliyojikunja inadanganya. Yeye hakutaka kudanganywa kwa wema. Akaomba maji. Akaichovya kwenye ndoo yetu ya masomo, akaisubiri iloe, harufu ile ikajaa darasa zima. Wallahi mate yalinikauka. Kamba ilikuwa inalegea na kurefuka mbele ya macho yetu.

Dativa akalala sakafuni, mikono ubavuni, macho yamefumbwa. Alivyolala, sote tuliona alichokiona Mukecuru, na mtoto mmoja akaanza kulia. Bibi akapiga magoti. Aliweka ncha ya kamba kisiginoni, akaipitisha polepole kando ya goti, kando ya nyonga, bega, sikio. Kamba ikaishia kwenye paji la uso. Juu yake zilibaki nywele na fuvu la mtoto aliye hai, upana wa vidole viwili vya bibi. Aliviweka vile vidole pale, akaviacha hapo muda mrefu. Dativa akafumbua macho, akauliza, "Nimepita?" Mukecuru alichukua kipande kingine cha kamba, akakifunga kwa fundo kwenye kile cha kwanza, akavuta fundo kwa meno, ndipo akasema, "Imeongezwa." Darasa likalipuka. Maman Mwalimu alijifunika uso kwa kanga.

Ningependa kuishia hapo, kwa kuwa hapo tulifurahi. Lakini Mukecuru hakuinuka. Alingoja makelele yaishe, akamtazama mwalimu. "Mimi nilipoteza mutoto, baba yake huyu. Hakupimwa. Hakuna mwenye alimupima. Munaweza kunipimia muntu asiyekuwako?"

Maman Mwalimu akasema tutajaribu. Mukecuru akasimama, akainua mkono juu ya kichwa chake kuonyesha mwanawe alifikia wapi. Mkono ukasita. Ukashuka kidogo, ukapanda, ukashuka. Nikaona uso wake unabadilika, hofu inaingia: hakuwa na hakika. "Alikuwa murefu," alisema. "Murefu... Mungu wangu, nimesahau." Akajaribu tena, mkono ukabaki hewani bila mahali pa kushika. Hakuna mtu aliyejua pa kutazama.

Maman Mwalimu akamuuliza kwa upole, akiwa karibu naye, kuna nini cha mwili wa mwanawe anachokikumbuka kwa mwili wake yeye. Mukecuru alifikiri. Halafu akagusa sikio. "Akirudi kutoka shambani ananikumbatia. Sikio yangu inafika hapa, penye moyo inapiga. Hiyo siwezi kusahau."

Papa yangu, ambaye hakuwa mtu wa kujionyesha, alivua utepe shingoni akaja mbele. "Maman," alisema, "jaribu kwangu." Akasimama wima katikati ya darasa, mikono pembeni. Yule bibi akamsogelea, akalaza sikio lake kifuani kwake, akasikiliza. "Hapana. Wewe uko mufupi." Papa akanyanyua tofali, lile letu mimi na Dativa, akaliweka chini, akapanda juu. Mukecuru akalaza tena sikio. Safari hii hakuliondoa. Alifumba macho, mikono yake ikamzunguka Papa kiunoni, akakaa hivyo, na Papa akatazama juu kwenye bati. "Hapa," alisema Mukecuru. "Ni hapa."

Tukampima hivyo. Dativa alishika ncha chini sakafuni, kando ya tofali na si juu yake, kwa kuwa tulikuwa tumefundishwa vizuri kupimia kuanzia chini kabisa. Mimi nilishika katikati. Maman Mwalimu alipanda kwenye meza akaifikisha kamba utosini mwa Papa, akakata. Kisha Mukecuru aliikunja ile kamba ndefu ya mwanawe, akaifunga ndani ya kitenge, na Jumapili iliyofuata akaenda nayo Gitambi akaizika nyuma ya zile kuta. Dativa alikwenda naye, akarudi, na Jumatatu alikuwa kwenye tofali. Papa hakulizungumza jambo hilo hata mara moja maishani mwake. Ila tangu siku ile, alipokuwa akimpima mteja, aliomba radhi kwanza.

Sasa mimi ndiye fundi. Papa amelala makaburini pamoja na Mukecuru, kila mmoja kwa dini yake. Maman Mwalimu alimpata mama yake akiwa hai, akahamia naye Kigali. Shule ina madirisha ya vioo, ukutani pana chati ya plastiki yenye twiga, mtoto anasimama kando yake namba inasomeka. Ni nzuri, sina ugomvi nayo. Watoto wangu wenyewe wamepimwa kwa twiga huyo. Hakuna aliyegombana wala kuogopa, na ninapowauliza walikuwa na urefu gani wananitajia namba, basi, wanarudi kwenye mchezo. Wanavuka daraja la Rusizi kwenda kutembea Bukavu kama mtu anayekwenda chumba cha pili. Namshukuru Mungu kwa yote hayo, kwa moyo wangu wote, na bado kuna siku nahisi chati ile haijui inapima nini.

Dativa anakaa mtaa wa pili. Amefikia kimo kilekile cha bibi yake, wala hakuzidi. Kila shule zinapokaribia kufunguliwa anamleta kijana wake wa kwanza nimpimie sare, na mwaka huu alipoingia ilibidi ainame mlangoni. Nilipima mabega, nikapima mikono, nikapima mguu. Dativa hakuutazama utepe. Nilipomaliza alimsogelea mwanawe, akalaza sikio kifuani kwake, akasikiliza.

"Maman, watu wanaona," kijana alisema, amejaa aibu.

"Waone," alijibu, akakaa vilevile. Nami nilisubiri, nimerudi kwenye cherehani yangu bila kuikanyaga. Alipoinua kichwa, macho yake yalikuwa yamelowa. "Zuhura," aliniambia, "amefika." Kisha akashika suruali niliyokuwa nimeikata kwa kipimo cha mwaka jana, akaigeuza miguuni, akaiona haitoshi. "Acha pindo kubwa. Huyu bado anaongezeka."